Adhabu ya Maji

Koti lilikuwa zito, la nchi za theluji.
Likwena alilitoa kwenye belo la mitumba hapa Newala
na mfukoni, badala ya leso ya marehemu,
kikatoka kidude cha kijivu, kina msalaba na vitufe viwili.
"Fundi, hiki kina uhai?"
Nilikipa betri nne na waya wa redio iliyokufa.
Kikalia: tiriii.
Kioo kikawaka rangi ya mchicha uliochemka.

Kaseti moja, mchezo mmoja: gofu.
Maandishi ya kwao, nadhani Japani,
kama njiti za kibiriti zilizomwagika mezani.
Sikusoma hata moja. Nilijifunza kwa kukosea.
Bonyeza, mshale unapanda. Bonyeza, unasimama.
Bonyeza tena, na yule mwanamume mfupi asiye na uso
anazungusha kiuno na kuurusha mpira mbinguni.
Mpira wenyewe ni nukta.
Hata punje ya ufuta ina mwili kuushinda.

Nikawa bingwa wa uwanja nisioujua jina.
Simu za watu zikaningoja matumbo wazi.
Niliujua upepo wa mle kuliko huu wa kwetu
unaogombana na bati usiku kucha.
Niliuogopa mchanga. Cheka tu:
mimi, niliyetambaa mchangani, nikajengea mchangani,
natokwa jasho kwa kamchanga ka upana wa kucha.

Lakini shimo la tisa.
La tisa lina ziwa.

Shangazi Somoe alikuja mwezi wa kumi, korosho zinaanguka,
kisima cha paa kimebaki tope na chura mmoja,
bomba siku ya kumi na moja linakohoa hewa.
Alikuwa foleni tangu saa tisa za usiku.
Ndoo moja.
Akaitua, akajifuta kwa ncha ya kanga,
akachungulia begani kwangu.
"Hayo nini?"
Maji, shangazi.
"Yote?"
Yote.
"Na hao hawateki?"
Nikamweleza: mpira ukiingia mle ni kosa,
unaongezewa pigo moja, unarudishwa ulikotoka.
Akanitazama kama anayenipima homa.
"Mtu anaadhibiwa kwa kufika kwenye maji?"

Nikababaika. Nikasema mashimo yako kumi na manane,
kila shimo na bendera yake.
"Sisi tunalo moja," akasema, "na tukaliita la Mungu.
Wageni wanalipiga picha. Bendera sijaiona.
Lete."

Akakishika kwa mikono miwili, kama ungo.
Bendera hakuitafuta.
Alimgeuza yule mfupi, akamwelekeza ziwani,
akapiga.
Vikatokea viduara vitatu na sauti, chubwi,
kama tone la kwanza kwenye sufuria tupu.
Akapiga tena. Chubwi.
Wanamrudisha, anakwenda,
wanamrudisha, anakwenda,
miguu iliyozoea kushuka bonde la Kitangari
na kupanda kabla jua halijawa kali.
Baada ya kumi mchezo ukakataa kuhesabu,
muziki ukaingia msibani,
njiti za kibiriti zikajaa kioo kizima.
"Wanasemaje?"
Wanasema umeshinda.
"Muongo kama baba yako," akasema,
na akapiga moja ya mwisho, ya kuagia.

Kabla hajajitwika alichota kikombe kimoja
akakiweka mezani, kati ya bisibisi na simu zilizopasuliwa.
Sikukigusa.
Jioni nikarudi la tisa, upepo mgongoni,
mshale ukasimama pale pale nilipotaka,
mpira ukapaa, ukavuka,
na sikuuona ulipotua, maana betri zilikuwa zinakata roho.
Majani yakafifia kwanza. Kisha bendera,
kisha yule mfupi na kiuno chake.
Ziwa ndilo lililochelewa.